Safari ya Kabambare, kwa mtoto aliyeanguka mwembeni



Wale waliokuja kwenye likelemba juma lililopita na kukuta mlango umefungwa, tunawaomba radhi. Sisi wanne tulikuwa njiani kwenda Kabambare kumpa pole mwenzetu, ambaye mtoto wake wa miaka 11 alianguka kutoka juu ya mwembe akavunjika mkono. Wengi wenu mlichanga franka za kumsaidia, kwa hiyo ni haki yenu kujua zilifika wapi na sisi tuliona nini huko. Tena jambo lililomwangusha mtoto yule liko katika nyumba zetu zote: alikuwa anajionyesha kwa msichana.

Tulitoka Kasongo kabla ya adhana ya alfajiri, pikipiki mbili, wamama wawili nyuma ya kila dereva, na mzigo wetu wa mchele, chumvi na sabuni umefungwa kwa kamba za mpira. Njia ya Kabambare mnaijua. Wakati wa mvua matope yanafika magotini, na kila daraja la miti lina gogo moja lililokwisha kuoza. Tulipishana na vijana wanaosukuma kinga zilizobeba madumu ya mafuta ya mawese na magunia ya mpunga; kinga yenyewe huioni, unaona mzigo tu unatembea na miguu ya mtu nyuma yake. Mara nne tulishuka tukatembea kwa miguu, viatu mkononi, ili pikipiki zipite.

Kwenye daraja moja tulikaa muda mrefu, tukingoja vijana wa kijiji warudishe miti iliyokwenda na maji. Mama mmoja wa hapo alituletea mihogo ya kuchemsha na karanga. Akatuuliza tunakwenda wapi, tukamweleza. Akacheka mpaka akaweka sinia chini.

“Huyo mtoto wenu ni ndugu wa wangu,” akasema. “Wangu aliachia usukani wa kinga, mikono juu, akishuka mlima ule pale, kwa sababu binti wa jirani alikuwa anapita. Akaingia katika mihogo niliyoanika. Kazi ya siku tatu, yote chini.”

Basi hapo daraja likasahaulika. Kila mmoja wetu akaanza kutoa yake ya zamani, na tunaziandika hapa bila kusema ni ya nani, maana tulikubaliana hivyo.

Mmoja wetu, alipokuwa na miaka 9, alijipaka midomo kwa mafuta mekundu ya ngazi kabla ya kwenda masomo, ili kijana mmoja wa mwaka wa tano amwone mrembo. Jua lilipopanda, mafuta yakateremka mpaka kwenye shati jeupe, na mwalimu akadhani mtoto anatoka damu. Mwingine alichukua beseni la mama yake, kubwa kuliko yeye, akalijaza maji mtoni ili apite nalo mbele ya nyumba ya kijana fulani, aonekane msichana hodari wa kazi. Alipita kweli. Aliteleza mbele ya mlango wao hasa, na kijana huyo ndiye aliyemletea kitambaa cha kujifutia. Wa tatu alipewa na mvulana jiwe linalong'aa, akaambiwa ni dhahabu kutoka Namoya, watanunua nyumba pamoja. Alilificha chini ya mkeka muda wa mwaka mzima, mpaka kaka yake alipolisugua na likabaki unga wa kung'aa vidoleni. Wa nne alikataa kusema. Alisema tu kwamba yake ina pilipili ndani, na kwamba hata leo hali pilipili.

Dereva wetu mmoja, kijana wa miaka 20 hivi, alikuwa anasikiliza akijifanya anafunga mzigo. Tukamuuliza, na wewe? Akasema, “Mama, mimi ndiyo maana nilijifunza pikipiki.”

Tulicheka sana. Lakini tunataka kusema pia kilichofuata kicheko. Tulipohesabu, tuliona kwamba katika hadithi hizo zote tulipigwa, au tulichekwa mbele ya watu, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa na mtu mzima kilichokuwa moyoni mwake. Yule wa beseni alisema hakupita tena njia ile mpaka alipoolewa.

Tulifika Kabambare giza limeingia, tukalala kwa mwenzetu, sote wanne katika chumba kimoja.

Asubuhi tulizunguka kidogo kabla ya mazungumzo, maana wawili kati yetu walikuwa hawajafika huko tangu usichana wao. Kabambare si mji mkubwa, lakini ni mahali pa zamani. Katika karne ya 19 hapa palikuwa kituo cha misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikaenda mpaka Nyangwe na Kasongo karibu na mto Lualaba. Misafara hiyo ilileta mateso, maana ilichukua pembe za ndovu na ilichukua watu. Ilileta pia Kiswahili hiki tunachoandikia, na mpunga tunaolima, na wazee wanasema miembe ya zamani ilianza na watu hao hao. Ndiyo maana katika nchi hii ya Wabangubangu utaona mwembe mnene karibu na kila mahali ambapo watu walizoea kupumzika.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini alitukumbusha habari za Livingstone, yule msafiri Mskoti. Alifika hapa mwaka 1869, na mwaka uliofuata akarudi akiwa mgonjwa, vidonda vya miguu vikamlaza muda mrefu asiweze kutoka nje. Katika maandishi yake anapaita Bambarre. Alikuwa anatafuta chanzo cha mto Nile, na alidhani Lualaba yetu ndiyo Nile. Stanley alipopita mwaka 1876 na kuufuata mto huo mpaka bahari ya Atlantiki mwaka 1877, ilionekana kwamba Lualaba ni mto Kongo.

Mwenzetu mmoja akauliza, “Mzee, na huyo naye alikuwa anajionyesha kwa nani, mpaka miguu ikaoza?” Mzee akacheka, akasema wanaume wana miaka 11 kwa muda mrefu sana.

Mwembe wenyewe uko nyuma ya njia ya shule. Tuliusimamia chini tukatazama juu. Matawi ya kwanza yanaanza juu ya kichwa cha mtu mzima, na maembe yaliyoiva yalikuwa kileleni kabisa, kwa sababu ya chini watoto walishayamaliza. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, gome lilikuwa kama limepakwa sabuni. Mwenzetu alituonyesha mzizi alioangukia mtoto. Hapo hakuna aliyecheka.

Mambo yalikuwa hivi. Katika darasa lake aliingia msichana mpya wa miaka 10. Familia yake ilikimbia vita kwao, wakapokelewa na ndugu hapa. Msichana huyu ni mkimya, anajua hesabu, na kila siku anakuja masomo na mdogo wake mgongoni. Siku moja wakati wa kurudi nyumbani alisema mbele ya wenzake kwamba kwao kulikuwa na maembe matamu kuliko haya. Maneno hayo tu. Kesho yake, mvua ikiwa imekatika kidogo, mtoto wetu akapanda mpaka kileleni.

Mama yake alifanya vizuri, na tunaandika alivyofanya ili na wengine wajue. Jirani alitaka kuuvuta mkono unyooke na kuusugua kwa mafuta ya moto. Mama akakataa. Aliuacha mkono kama ulivyokuwa, akauegemeza kwenye vibao viwili, akaufunga kwa kitenge pole pole bila kuukaza sana, akamtafuta kijana wa pikipiki. Njiani alimsemesha mtoto, maana alikuwa amegonga kichwa pia. Hospitalini walimwambia alipatia. Mtoto aliyeanguka kutoka juu asivutwe wala asisuguliwe. Akisema shingo au mgongo unamuuma, au hawezi kusogeza miguu, asiinuliwe ovyo. Na akitapika mara kwa mara, akilala usingizi mzito usioamshika, au akitoka damu au maji masikioni, msingoje asubuhi. Michango yenu ililipa plasta, dawa na deni la pikipiki. Kilichobaki alinunuliwa mtoto daftari, maana lake liliharibika kwa mvua.

Sasa tunafika penye uzito. Tulipoingia nyumbani tulimkuta baba mkubwa wa mtoto ameketi, amevaa vizuri, anatungoja. Alikuwa na neno. Alisema msichana yule ndiye aliyemtuma mtoto juu ya mti, kwa hiyo familia yake ilipe mbuzi wawili. Familia yenyewe haina hata kuku. Wanalala katika nyumba ya kuazimwa. Alipoona tunatazamana, akaongeza kwa sauti ya upole: kama hawana mbuzi, si neno, waahidi tu kwamba binti akikua ataolewa hapa. “Kwani watoto si wanapendana?” akasema. “Sisi tunafunga tu kile walichoanza wenyewe.”

Na msichana? Tangu siku ile alikuwa hajaenda masomo. Siku 9. Watoto wenzake walikuwa wanamwita jina baya njiani, kwamba yeye ni mwangusha watu. Mama yake aliona heri abaki ndani.

Tuliomba kikao chini ya mwembe ule ule, jioni, wamama wa pande zote mbili wawepo, na baba mkubwa pia. Tulimpa heshima yake, akawa wa kwanza kupewa kiti. Kisha tukamwomba mtoto aje na mkono wake uliofungwa, tukamkalisha karibu, si katikati ya watu.

Mwenzetu mkubwa kwa umri ndiye aliyemuuliza. “Baba, tuambie bila woga. Nani alikutuma kupanda?”

Akanyamaza. Akachezea kamba ya plasta. Halafu akasema, “Hakuna.”

“Basi ulipanda kwa nini?”

“Nilitaka anione.”

Tukamgeukia msichana, aliyekuwa amejificha nyuma ya mama yake. “Na wewe, binti yangu, ulimwona?”

Akatikisa kichwa. Wakati ule alikuwa amegeuka upande wa pili, anamfunga mdogo wake mgongoni kwa sababu mvua ilikuwa inarudi. Alisikia tu kishindo. Alipogeuka, mtoto alikuwa chini, embe likiwa bado mkononi.

Wamama, tungependa mngeuona uso wa kijana yule. Siku 9 za maumivu alizibeba bila kulia, lakini kusikia kwamba hakuonekana kabisa, macho yakajaa machozi. Watu wakaanza kucheka. Ndipo mama mtu akanyoosha mkono kuwazuia, akasema, “Msimcheke. Kwa kuchekwa ndiko alikopanda.” Akaeleza kwamba majuma mawili kabla, nyumbani, kaka zake walikuwa wanamwimbia jina la msichana huyo wakati wa chakula, wakimwambia yeye ni mdogo na mwembamba, hawezi hata kubeba dumu. Yeye mama alikuwa anacheka pamoja nao. Alisema hilo mbele ya wote, na haikuwa rahisi kwake.

Baada ya hapo habari ya kutumwa haikuwa na miguu tena. Mtoto hakutumwa. Tulimwambia baba mkubwa, “Mzee, mbuzi wa nini sasa?” Kuhusu uchumba tulimjibu wazi, kwa sauti ya chini lakini wazi. Katika nchi yetu iko sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda watoto. Kwa sheria hiyo mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na kumchumbisha au kumwoza mtoto ni marufuku. Haijalishi ni deni, ni mbuzi, au ni mapatano ya wazee. Mtoto wa miaka 11 kupanda mti kwa ajili ya mwenzake ni utoto, utapita. Mtu mzima kuuchukua utoto huo akaufunga kuwa ahadi ya ndoa, huo si utoto tena. Msichana wa miaka 10 hakuomba embe, hakuomba mume, na hana cha kulipa.

Hatutadanganya kwamba baba mkubwa alifurahi. Alisema tumekuja na maneno ya Kasongo. Alisema enzi zake watu walielewana. Lakini wamama wa pale, ambao mwanzoni walikuwa wamenyamaza, walianza kusema mmoja mmoja, na mama mzee mmoja wa ukoo wake mwenyewe alimkumbusha jinsi alivyovunjika jino akiwa mdogo, na kwa ajili ya nani. Sisi hatuijui hadithi hiyo, ila pale wote waliijua. Akakaa kimya. Mwishowe akasema mbuzi waachwe. Neno la uchumba hakulirudia.

Jumatatu asubuhi, kabla hatujaondoka, mama wa kijana alikwenda mwenyewe mpaka nyumba ile ya kuazimwa. Akamshika msichana mkono, wakapita njia kubwa mbele ya watu wote, mpaka mlango wa shule. Sisi tulifuata nyuma tukiwa tumembeba yule mdogo. Mwalimu alimpokea vizuri. Kuna watoto wawili walioanza kuita lile jina, wakamwona mama wa kijana akiwatazama, wakaliacha katikati.

Tukirudi tulizungumza njia nzima. Kuna methali isemayo mtoto akililia wembe, mpe. Wengine wetu tulilelewa nayo: mwache aanguke, atajifunza. Baada ya kusimama chini ya mwembe ule hatuikubali kwa kila jambo. Mkato wa kidole unafundisha. Mwembe wenye gome la mvua, au mto Luama ukiwa umejaa, haungoji mtu ajifunze. Mtoto akatazwe, tena mapema. Lakini tukatazane na sisi pia. Tuache kumwita mtoto wa mwenzetu “bibi yako” au “bwana yako” mbele ya sinia la chakula. Sisi tunacheka na kusahau, naye anakwenda kutafuta mti. Na anayetaka kuonekana, tumwone kwanza sisi: tumwulize jioni, wakati wa kutwanga au kuchambua sombe, nani amempendeza masomoni na kwa nini. Hatakufa kwa swali hilo. Akijibu, tusilipeleke jibu lake sokoni.

Jambo lingine moja, kwa wenye mabinti. Tofautisheni embe la mtoto mwenzake na zawadi ya mtu mzima. Mvulana wa darasa moja akileta jiwe linalong'aa, chekeni kimoyomoyo. Mwanaume mwenye ndevu akimpa msichana wa shule simu, kitenge au franka, msicheke. Mwulizeni anataka nini, na mwulizeni mbele ya wengine.

Mama wa msichana alitufungia kapu la maembe ya kuleta Kasongo, ingawa tulikataa mara tatu. Alisema mwanawe aliyachagua mwenyewe, yale ya chini, yaliyoangushwa na upepo. Kwenye daraja lile tulimwachia nusu yule mama wa mihogo, na tukamsimulia mwisho wa habari.

Likelemba inaendelea Jumatano saa nane, mahali pale pale. Mwenye zamu ya kupokea ni yule aliyekosa juma lililopita. Njooni na watoto kama hakuna wa kuwaachia. Na yule mwenzetu wa pilipili ameahidi kwamba safari hii atasema.